Majina Niliyojaza kwa Ajili ya Somo la Kifaransa

Kuna Jumatano moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kwenye kiti. Hata sasa ninapokuandikia nimeshainuka mara mbili, nikaenda dirishani, nikarudi. Nimesikia kwamba ninyi wazazi wa hapa Ipagala mnaidai shule iwafundishe watoto wenu Kifaransa, na kwamba bodi inakaa hivi karibuni. Ndiyo maana ile Jumatano imenirudia.

Wakati huo nilikuwa mama kijana, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Binti yangu Neema alikuwa kidato cha pili na Kifaransa kilikuwa kimemwingia. Alikuwa akiosha vyombo anasema vitenzi vyake peke yake, mpaka mdogo wake anamwiga. Mimi nami nilikuwa na sababu yangu. Mara moja ililetwa barua kutoka Burundi, imeandikwa Kifaransa, ikalala mezani kwangu wiki tatu kwa sababu jengo zima halikuwa na wa kuisoma. Kila nikiipita ile barua nilimfikiria Neema.

Kisha tukasikia kwamba kidato cha tatu somo litaondolewa kwenye ratiba. Mwalimu wake, mmoja tu shule nzima, angehamishiwa Jiografia. Mkuu wa shule alinipokea vizuri. Akaniambia, "Mama Neema, bodi inakaa Alhamisi. Nileteeni barua yenye saini za wazazi zaidi ya nusu, nami nitaisimamia."

Wazazi wa maofisini niliwapata kwa siku moja tu, nikipita korido kwa korido. Waliobaki walikuwa wakulima na wafugaji wa vijiji vya pembeni, na mvua ilikuwa imeanza, kila mtu yuko shambani. Nilipaswa kwenda. Badala yake nilihesabu siku, nikaona hazitoshi.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa masijala. Kazi ilikuwa imenifundisha kwamba barua yenye majina mengi hupita mlango haraka. Basi ile Jumatano, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua orodha ya wanafunzi, nikajaza majina ya wazazi. Nilibadilisha kalamu, nyeusi kwa huyu, bluu kwa yule. Na kwa wale niliodhani hawajui kuandika, nilibonyeza dole gumba langu kwenye kidau cha wino wa muhuri, nikawawekea alama. Nilijiambia siwaibii kitu. Nani angekataa mtoto wake asome?

Alhamisi tukakaa kwenye chumba cha walimu. Mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mstaafu wa reli, akaanza kusoma majina polepole. Karibu na mlango alikaa mama mtu mzima ambaye sikumfahamu, kanga yake imelowa pindoni na viatu vina tope. Jina lake liliposomwa akainuka.

"Naomba nilione jina langu," akasema.

Alikuwa Mama Nyemo. Binti yake Nyemo alikuwa akiongoza darasa zima katika Kifaransa, na ndiye aliyemwambia mama yake kuhusu kikao. Mama akaacha palizi, akaja kwa miguu bila kualikwa. Aliisogeza karatasi karibu na macho.

"Hili dole la nani?"

Akaigeuza karatasi ili wote tuione.

"Mimi ni katibu wa kwaya kanisani kwetu. Barua za kwaya zote naandika mimi. Aliyenibandikia dole hili alinionaje?"

Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Neema, si wewe uliyekusanya?"

"Ni mimi, mzee." Wino ulikuwa bado kwenye ukingo wa ukucha. Nikaficha mkono ndani ya sweta.

Akaikunja barua mara mbili. "Jina moja likiwa la uongo, mimi nitajuaje haya mengine ni ya kweli?" Wale walioweka saini zao halisi walinitazama, na hayo macho ndiyo sijayasahau. Mkuu wa shule hakuwa na la kusimamia tena. Somo likaondolewa.

Nje nilimkuta Mama Nyemo akipangusa viatu kwenye majani.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe. Nilijua tu ungekubali."

"Marahaba. Ningekubali, ndiyo. Nimetembea asubuhi yote kuja kusema hivyo kwa mdomo wangu. Sasa nimesema nini? Nimekaa kubishana na dole." Akanitazama. "Au ulidhani sisi Wagogo lugha tutaiogopa? Kiswahili chenyewe mimi nilikikuta shuleni. Nilichapwa kwa kukikosea. Leo ndicho ninachokugombeza nacho."

Sikujua nicheke au nilie.

"Ungekuja nyumbani," akaendelea, "ningekuuliza jambo moja tu. Huyo mwalimu analala wapi?"

Sikujua.

"Analala stoo ya duka kule stendi, na huja kwa baiskeli. Nyemo ameniambia. Mwalimu mwenyewe ndiye anayeomba uhamisho kwa kukosa pa kukaa, hiyo Jiografia wamempa ili wasimwachie tu. Mnalitaka somo, mwenye somo hamumjui."

Tangu hapo, kila Jumamosi nilimfuata Mama Nyemo kijiji kwa kijiji. Yeye akibisha hodi na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, mimi nyuma na daftari. Baba mmoja alikataa kabisa, akasema wamletee kwanza mwalimu wa Fizikia. Nilitaka kupita. Mama Nyemo akasema, "Mwandike naye." Nikaandika kukataa kwake, kwa maneno yake. Mama mwingine akauliza maswali mpaka maziwa yakachemka yakamwagika, mwishowe akasema ana chumba jirani na shule, mwalimu akae.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na ndani yake alikuwamo aliyekataa. Mwenyekiti aliisoma mpaka mwisho. Mwaka uliofuata Kifaransa kilirudi, kikaanzia kidato cha kwanza. Neema na Nyemo walikuwa wameshapita. Neema hakunilaumu hata siku moja. Aliosha vyombo kimya, na mimi nikawa natafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Basi, mwanangu, haraka yako naielewa, nami sikwambii uiache. Mtoto hangoji vikao ndipo akue. Pigania hilo somo, ni jema. Lakini usimsemee mtu ambaye hujamsikia, hata ukiwa na hakika atasema ndiyo. Siku hizi mna kundi la simu, na anayenyamaza humo mnamhesabu amekubali. Huenda hana bando, huenda yuko palizini, huenda ana swali ambalo ndilo lenye jibu lenu. Mfuate. Akikataa, mwandike kwamba amekataa. Na kabla ya yote nenda kamsalimie mwalimu, umuulize anaishije.

Kama siku hazitoshi, mwombe mwenyekiti akuongezee siku. Mimi sikuomba, na huenda angenipa.

Mungu akupe miguu isiyochoka na sikio la kusubiri. Watoto wako wapate lugha nyingi, na katika kila moja wapate mtu wa kuwasikiliza. Nenda salama, mwanangu. Usiku huu nitakuombea, kisha nitajaribu kulala.