Mtangazaji wa Mbigili

Bua la mbigili likikatwa asubuhi, umande ungali juu yake, hutoa harufu chungu inayoganda kwenye panga na kwenye vidole mpaka mchana. Nikiisikia harufu hiyo narudi mlimani Matogoro, mwaka ule baba alipopunguzwa kazi. Alikuwa mpima mahindi katika ghala la ushirika mjini Songea. Kisha wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua mazao, malori yao yakawa yanafika mpaka shambani kwa watu, na ghala likabaki na popo. Mama alilia. Majirani walikuja kutupa pole kana kwamba tumefiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, na kusema kweli nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu baba niliyezoea kumwona jioni tu, amechoka na amejaa vumbi la magunia, sasa alikuwa wangu kuanzia asubuhi.

Alifufua shamba la babu lililokuwa limeachwa mlimani. Darasa letu liliingia mchana, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda naye. Kati ya shamba na msitu palikuwa na ukanda wa nyasi fupi, penye jua la kutosha na maji yanayochuruzika chini kwa chini kutoka mlimani, na hapo ndipo mibigili ilipoota. Sisemi ule mbaruti wa maua ya njano unaoota kwenye vifusi vya mtaa wa Majengo, mjini. Huo ulikuja na wageni. Mbigili huu ni wa pale pale. Msituni huukuti, maana hautaki kivuli, na palipolimwa huukuti pia, maana jembe likipita mara mbili tatu umeshaaga. Majani yake ni ya kijani juu na meupe chini, kama yaliyopakwa unga. Masika yakiisha na baridi ikianza kuuma, kila bua, refu kunizidi, hubeba kichwa cha mviringo kilichojaa miiba pande zote, na katikati ya miiba hiyo vinafunguka vijiua vyeupe vyenye ubuluu kwa mbali. Hapo nyuki hawatoki, na ndege chozi wanagombana kutwa. Baba alipofika kwenye ukanda ule alisimamisha jembe. "Hapa ni kwao," aliniambia, akageuza.

Tulipopumzika alikata bua moja, akalisugua miiba na majani mpaka likawa fimbo laini yenye kichwa kimoja juu, akanikabidhi. "Haya Fausta, taarifa ya habari." Hicho ndicho kilikuwa kipaza sauti changu. Nilisimama juu ya kichuguu, nikakohoa kama watangazaji wa redio, nikaanza: jirani amelima matuta mawili kisha amelala; mbuzi wa katekista ameonekana kwenye maharage ya watu; baridi ya leo imetoka moja kwa moja kuzimu. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu duniani mwenye furaha kunizidi, na kama alikuwepo sikutaka kumjua.

Ndipo akaletwa Zuhura. Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Tunduru na Mwislamu mwenye mikorosho, na mwaka huo watu wa Tunduru walikuwa wameacha mashamba wakikimbilia machimbo ya vito. Shangazi na mumewe nao walikwenda, wakatuachia mtoto wao mpaka baridi iishe. Alishuka kwenye basi mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope, mkononi ana mfuko wa korosho, akapiga goti barabarani. "Shikamoo mjomba." Baba akamnyanyua juu. Mimi sikuwa nimenyanyuliwa tangu nianze shule, niliambiwa nimekuwa mzito. Nilimtazama yule binti, rika langu, tena mnene kuliko mimi.

Asubuhi yake tukapanda mlimani watatu. Nilisoma taarifa yangu vizuri tu. Halafu baba akasema, "Na mgeni naye atupe za Tunduru." Zuhura alishika fimbo ya mbigili kana kwamba alizaliwa nayo. "Asalaam aleikum wasikilizaji!" Akatangaza kwamba huko kwao mtu akipiga chafya watu kumi wanachimba alipopiga, kwamba baba yake alipata jiwe la kijani, akalibusu, akaliweka chini ya mto, kulipokucha likawa ni kipande cha chupa ya soda, wallahi tena. Baba alicheka hadi akakaa chini. Kwangu hakuwahi kukaa chini. Nilijua, kama watoto wanavyojua mambo haya bila kuambiwa, kwamba taarifa yangu ya mbuzi wa katekista imekwisha kazi.

Tangu hapo niliishi kwa kuhesabu vicheko. Usiku nilitunga habari, nikazikariri, asubuhi nikazimwaga. Baba alitabasamu, akasema vizuri, kisha akageuza macho kwa Zuhura. Siku moja alimaliza kusugua bua, na bila hata kufikiri akanyoosha mkono kumpa yeye kwanza. Nililirukia. Sikushika fimbo, nilikamata kichwa chenyewe, kiganja kizima, na miiba ikakatikia ndani. Baba aliacha kila kitu. Akanipakata, akatoa pini kwenye kofia yake, akaanza kuchokoa mwiba mmoja mmoja huku akipuliza, pole mama, pole mama. Iliuma sana, nami niliomba isiishe, kwa maana hatimaye nilikuwa mapajani mwake peke yangu. Zuhura akaja akasimama mbele yetu. Akaokota kile kichwa kilichopondeka, akakohoa. "Habari zilizotufikia sasa hivi kutoka Matogoro zinasema mtoto mmoja amepigana na mbigili, na mbigili umeshinda." Baba alicheka mpaka pini ikateleza. Nilicheka na mimi, machozi yakinitoka, nikimchukia kwa moyo wote.

Baridi ilipoisha shangazi alikuja kumchukua. Nilipunga mkono stendi kwa nguvu ambayo mama aliisifu. Nikadhani sasa yatarudi yale ya mwanzo, lakini baba alikaa juma zima akisema, "Hapa Zuhura angesema nini?" Na kabla mibigili haijakauka, mmoja wa wale wanunuzi wa malori alimwajiri ampimie mahindi. Akarudi kuwa baba wa jioni.

Siku hizi ni mzee, magoti yamegoma, na anaishi kwangu. Ukanda wa mibigili umebaki mwembamba. Watu wamepanda mikaratusi, maji yamefyonzwa, na sehemu nyingine pamelimwa tu na watu wasiojua kusimamisha jembe. Lakini kinachoniudhi zaidi, nisamehewe, ni lami. Zamani njia ya Tunduru ilikuwa na matope yake na vumbi lake, na vyote viwili vilinilinda. Sasa Zuhura anapanda gari asubuhi, mchana yupo barazani kwangu na vitenge vya dukani kwake, baba anacheka, na mimi napika.

Mwaka huu nilipanda peke yangu kuangalia mibigili. Nilirudi nikamwambia baba imechanua, michache lakini imechanua. Macho yakamng'aa. Nikafikiri ataniuliza ni mingapi, iko upande gani, nyuki wapo.

"Mpigie Zuhura," akasema. "Mwambie aje."

Nilitoa simu, nikaitazama, nikairudisha mfukoni.

"Mtandao unasumbua, baba."

Kutoka barazani kwetu mnara wa simu unaonekana wote, juu kabisa ya Matogoro, na hata mzee mwenye macho mabovu hawezi kuukosa. Baba aliuangalia kwa muda. Akaniangalia mimi. Kisha akajisogeza pembeni ya benchi, taratibu, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Basi kesho," akasema. "Kaa."