Sweta ya Nne

Nilifumua sweta ya mama mkwe wangu. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukaanza kunipenda halafu ukaona nimekulaghai. Nilinunua sweta tatu gulioni, kesho yake nikakuta nne ndani ya beseni, na mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyefundishwa hesabu miaka kumi na moja, nikaamini muuza mitumba amenipa nyongeza. Muuza mitumba wa Nyakahura! Mtu ambaye ukimwomba kipande cha kamba ufungie mzigo wako anakuuliza kamba ya nini.

Nieleze ilivyoanza. Mimi ni mtu wa ndani. Wako wanawake wakikaa nyumbani siku mbili miguu inawawasha; mimi huniwasha nikifika njia panda, inataka kurudi. Kwa hiyo nguo zangu hazichakai kwa kutembea, zinachakaa kwa kuonwa. Magauni yangu ya kutokea ni manne na Nyakahura nzima inayajua. Nikipita sokoni wauza dagaa wananiambia, "Leo umevaa lile la Pasaka." Sasa mwaka huo Juni ilipoingia na asubuhi zikaanza kuuma, nikaona kwenye simu mwanamke mmoja akieleza kwamba gauni la zamani halihitaji kutupwa, linahitaji kuwekewa kitu shingoni. Skafu ya kufuma. Kofia. Mkanda wa kusokota. Soksi za mikono zisizo na vidole. Gauni ni lile lile, ila kila siku anatoka mtu mwingine. Nikasema hii ndiyo elimu ya watu kama mimi, kubadilika bila kuhama kiti.

Kufuma najua. Nilifundishwa bwenini, na dada mmoja wa kidato cha juu aliyetunolea spoku za baiskeli kwenye jiwe la kufulia ziwe sindano za kufumia. Spoku zangu ninazo hadi leo, na ndicho kitu pekee cha sekondari ninachokitumia kila wiki. Shida ni uzi. Uzi mpya wa sufu unakuja kwa vibonge vidogo, ukifuma skafu inaishia kwenye kidevu. Ndiyo maana wafumaji wa huku tunakimbilia mitumba. Unachagua sweta, unaigeuza ndani nje, unaangalia mshono wa ubavuni. Iliyokatwa kwa mkasi kiwandani iache, itakupa vipande vifupi kama tambi. Iliyofumwa kwa umbo lake ndiyo mali: unakata mshono, unatafuta mwisho wa uzi pale shingoni, unavuta, nayo inateremka safu kwa safu. Unazungushia miguu ya stuli, unafua, unautundika na jiwe chini ili usahau mikunjo yake.

Mama mkwe alikuwa ametoka Mugoma kuja kukaa nasi kidogo, baada ya kuvuna maharage. Ni mama anayeishi peke yake tangu mumewe afariki, na anapenda hivyo. Nyumba yake, migomba yake, kahawa yake mistari michache, na mbegu za maharage anazohifadhi kwenye chungu kwa majivu, ambazo nusu ya majirani zake huja kuomba msimu wa kupanda ukifika. Macho yake yameingia ukungu. Lakini ulimi haukuwa na ukungu wowote. Siku ya kwanza alikagua jiko langu kwa vidole, akasema, "Sufuria zako zinajua kupumzika kama mwenyewe."

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo nilipaswa kulikumbuka. Mama mkwe akiwa mgeni kwa mwanawe haombi kufuliwa nguo. Kuomba ni kama kumwambia mke wa mwanawe kwamba hakulelewa. Akiona beseni lina nguo zimelowekwa, anaongeza ya kwake humo, kimya, na kesho inakuwa kwenye kamba. Mimi mwenyewe mama yangu alifuliwa hivyo hivyo na mke wa kaka yangu. Jioni ile nililoweka sweta zangu tatu za gulioni nikaenda kulala. Asubuhi nikahesabu nne.

Ya nne ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kahawa iliyoiva mtini. Niliikamua, nikaigeuza ndani nje na moyo ukaruka: imefumwa kwa mkono, uzi mnene, mrefu. Zile tatu nikazisukuma pembeni. Mama mkwe alikuwa ameenda misa ya asubuhi, naye mume wangu yuko barabarani kwenye kibanda chake cha kutengeneza pikipiki. Nikakaa nje ya mlango wa jikoni, nikakata mshono, nikavuta. Nilipofika kwenye kiwiko cha kulia nikakuta kiraka kilichofumwa kwa uzi wa kahawia, kidogo, kwa ustadi, mtu alikihangaikia. Mwenye akili angesimama pale ajiulize sweta ya Ulaya imetiwa kiraka cha uzi unaouzwa Ngara mjini na nani. Mimi nilikata kiraka nikakitupa kwenye majivu, nikaendelea kuvuta. Kufikia saa nne sweta haikuwepo.

Wiki ile nilikuwa mtu mpya mara tatu. Nilifuma skafu, nikafuma soksi za mikono, na uzi wa mkono mmoja uliobaki nikamfumia jirani yangu kofia. Huyu jirani anakaanga maandazi nje kwake kabla jua halijatoka, na alikuwa akilalamika masikio. Tunatenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo ninachosema ndani kwangu yeye anakimalizia. Alivaa kofia akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasema, "Jirani, kumbe una faida." Jumapili niliingia kanisani na lile gauni la Pasaka na skafu yangu nyekundu, na muuza dagaa mmoja akanikazia macho asijue aseme nini. Nilitamani misa isiishe.

Tuliporudi, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, ile sweta yangu haijakauka tu?"

"Sweta gani, mama?"

"Niliyoweka kwenye beseni. Nyekundu. Niliifuma mwenyewe nilipokuwa bado naona."

Skafu ilikuwa shingoni mwangu. Ningeweza kusema pale pale, ingekuwa aibu ya siku moja na mzaha wa miaka yote. Badala yake ulimi ukatangulia. Nikasema, "Mama, beseni lilikuwa na sweta tatu. Zangu za gulioni. Tatu tu."

Akashika mkono wa kiti. "Tatu?"

"Tatu, mama."

"Basi sijui niliiweka wapi," akasema.

Alianza kuitafuta. Alikung'uta mfuko wake wote kitandani, akapapasa chini ya godoro, akaenda hadi zizi la mbuzi akainama. Alimpigia simu shemeji yake Mugoma akaangalie kwenye msumari nyuma ya mlango. Haikuwepo. Siku mbili hivi nilijiambia atasahau. Sweta ni sweta. Lakini hakuwa anatafuta sweta tena. "Nakumbuka naiweka," alikuwa akijisemea. "Nakumbuka maji yalikuwa baridi. Sasa kama hilo silo, ni mangapi ninayokumbuka na hayapo?"

Kuanzia hapo aliacha kuwasha moto. Yeye ambaye hakuwahi kukubali mtu ampikie chai, akawa anakaa kando ya jiko na mikono mapajani, akisema, "Washa wewe, mimi naweza kuuacha nikaondoka." Mwanangu mdogo akimwendea kubebwa anauliza kwanza kama mimi nipo karibu. Alianza kuniuliza tumekula nini mchana, nikimjibu anatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyepata, anajipima. Na mimi nikazidisha heshima. Shikamoo zangu zikawa ndefu, ninapiga na magoti. Nikamkorogea uji wa ulezi mara mbili kwa siku. Akanenepa kwa sababu ya dhambi zangu.

Jioni moja ya baridi alinipapasa begani akitaka kupita, mkono wake ukagusa skafu. Ukasimama. Alisugua uzi kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayekagua maharage.

"Uzi mzuri huu," akasema. "Kama wa sweta yangu."

"Wa gulioni, mama."

Akaachia haraka. "Unaona? Hata vidole sasa vinanidanganya."

Niliivua skafu usiku ule nikaiweka chini ya mfuko wa unga, na kesho yake asubuhi nikaivaa tena, maana kulikuwa na baridi. Sitaki kujitetea. Nilitafuta sababu nzuri ya kutosema na nilizipata nyingi: mume wangu atakasirika, mama atarudi Mugoma anitangaze, kiraka kimeshaungua. Niliazimia hata kufuma sweta nyingine kimya kimya niseme imeonekana. Nikapiga hesabu ya uzi, nikaona lazima nimwombe jirani kofia, na jirani ataniuliza kwa nini. Mpango ukafia hapo. Mtu wa ndani ana muda mwingi wa kupanga uovu, ila hana wa kuutekeleza.

Kisha Alhamisi, wakati wa chakula, mama aliweka funguo zake mezani, akamwambia mwanawe, "Jumamosi nenda Mugoma. Mpe baba yako mdogo funguo. Na kile chungu cha mbegu, akichukue yeye. Mimi nitakaa hapa kwenu."

Mume wangu akaacha kula. "Mama, si ulisema Agosti unarudi kupalilia kahawa?"

"Mtu asiyejua sweta yake iko wapi ataachwaje peke yake na moto? Nikiunguza nyumba mtasema nini?" Alisema kwa upole, bila kulia, na hilo ndilo lililonishinda. Mama ambaye alikuwa akinigombeza kuhusu sufuria, sasa anaomba kona nyumbani mwangu. Niliiona Mugoma bila yeye, majirani wakija na vikapu vyao kuomba mbegu, wanakuta mlango una kufuli.

Ijumaa asubuhi mume wangu alipotoka, nilimkuta mama amekaa kando ya jiko lililozimwa, akiningoja. Nilipiga magoti. Akadhani ni shikamoo, akajibu, "Marahaba."

"Mama, beseni lilikuwa na sweta nne."

Akageuza uso kunielekea.

"Nne, mama. Uliiweka. Niliifumua. Hii skafu ndiyo yenyewe."

"Sema tena."

"Niliifumua, mama, nisamehe..."

"Sio hiyo. Ngapi?"

"Nne."

"Tena."

"Nne, mama."

Aliweka mikono yote miwili kichwani kwake, akakishika kama mtu aliyerudishiwa chungu alichodhani kimevunjika, na akaanza kucheka. Nilicheka kidogo na mimi, kwa matumaini. Akaacha kucheka papo hapo. "Wewe unacheka nini?" Akainuka, akanisukuma pembeni, akapapasa kiberiti mahali kinapokaa, akawasha moto mwenyewe. Akainjika chai. Ndipo akageuka. "Niliogopa sana," akasema. "Usiku nilikuwa nahesabu majina ya watoto wangu, na waliokufa, nione kama wote wapo." Nililia. Hakunibembeleza. Akanywa chai yake, akasema, "Lete hiyo skafu. Lete na hizo za mikono. Fumua."

Tulikaa nje ya mlango wa jikoni, mahali pale pale. Mimi nikivuta, yeye amenyoosha mikono mbele na ninamzungushia uzi, kwa sababu alisema stuli haijui kukaza. Kila nilipopunguza mwendo aliitingisha mikono. Aliniambia sweta ataitaka kabla ya Agosti, na kiraka kwenye kiwiko cha kulia, cha kahawia, hata kama kiwiko kitakuwa kizima. Jumamosi mwanawe hatakwenda popote. Funguo zilikuwa zimerudi kwenye pindo la kitenge chake, niliona fundo.

Jirani akatokea kwenye upenyo wa ua na sahani ya maandazi, kofia yake kichwani, nyekundu ile ile. Akatazama uzi kwenye mikono ya mama, akanitazama mimi na macho yaliyovimba. "Makubwa. Mbona mnabomoa?"

Mama akanielekezea kidevu. "Mwambie na yeye. Lilikuwa na ngapi?"

Nikamwambia jirani. Beseni, nne, kiraka, tatu, yote, na kwa nini mama alikuwa hagusi moto, jambo ambalo yeye alikuwa akiniuliza kila siku kupitia minyaa na mimi nikimjibu kwamba ni uzee. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akaweka sahani chini. Akavua kofia, akaikung'uta unga wa maandazi, akaiweka mapajani kwa mama kwa mikono miwili, masikio yake yakiwa wazi kwenye baridi. Kisha akanigeukia, akasema:

"Sweta ni uzi tu, jirani, utaifuma tena. Ila ulimwona huyu mama anaogopa moto wa kuchemshia chai, ukamwangalia, ukaendelea kufuma."