Vifungo vya Jiwe

Fundi cherehani huyu wenzake walimpachika jina la Jiwe, na wala si kwa ubaya. Katika poka, Jiwe ni mchezaji anayekaa kimya akitupa karata mbovu moja baada ya nyingine, mpaka apate za uhakika ndipo atie neno. Kinyume chake ni Samaki, anayemeza kila chambo, na cheo hicho alikishika shemeji yake, kaka wa mkewe, miaka nenda miaka rudi. Walicheza kila Jumamosi na kinyozi wa jirani, juu ya meza ya kukatia nguo, na dau lao lilikuwa vifungo vya mashati.

Jumamosi hiyo roho ya Jiwe ilikuwa juu juu. Asubuhi hiyo daktari alimminya chini ya mbavu, penye uvimbe, akamwambia, "Jumatatu tunakupasua. Uje na mtu wa nyumbani." Mtu wa nyumbani ni nani kama si mke? Na mke mwenyewe alikuwa amemzika mama yake mwaka jana kwa uvimbe kama huohuo. Jiwe aliogopa kisu, lakini aliogopa zaidi uso wa mkewe atakapoambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, sote tunaijua hiyo, na bado tunaficha.

Karata alizoshika zilikuwa takataka tupu. Akili haikuwa mezani. Ghafla akavisukuma vifungo vyake vyote katikati.

"Vyote!" akasema.

Kinyozi akashtuka. "Jiwe kaweka vyote? Basi huyu hatishi, ana mzigo." Kutisha ndiko kuweka dau kubwa na mkononi huna kitu. Kinyozi akatupa karata zake, akajitoa. Samaki naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatupa.

"Ulikuwa na nini, shemeji?"

"Aliyetupa haonyeshwi," Jiwe akamjibu, akavizoa vifungo huku jasho likimtoka.

Kumbe ni rahisi hivi! Asiyetisha siku zote, siku akitisha huaminiwa. Akaona amepata dawa: atamwambia mkewe ni gesi, na Jumatatu kinyozi ndiye atakayekuwa mtu wa nyumbani.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo. "Daktari kasemaje?"

"Gesi tu, mama watoto. Mzima kama chuma." Akaenda kuchota maji bila kuombwa. Akaosha vyombo. Akasifu mboga ya jana.

Mkewe akaiacha shuka nusu imekunjwa. "Baba watoto, hebu kaa. Wewe ukiwa mzima hunipi raha: mara mgongo, mara macho, mara sindano imekuchoma. Leo umeingia hujalalamika hata neno. Si wewe uliyenifundisha kwamba kila mchezaji ana dalili yake inayomsaliti? Ndiyo hiyo. Unanitisha tu. Fungua karata."

Jiwe akamsogelea. Akaushika mkono wa mkewe, akaupitisha chini ya shati, akauweka pale. Vidole vikapapasa kidogo, kama vya mtu anayepajua mahali, kisha vikatulia.

"Lini?"

"Jumatatu."

Mkewe hakuuondoa mkono.