Neno Lililotoka Kwenye Upinde

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Harufu ya dawa ya mikorosho hunirudisha kijijini Lionja, utotoni, msimu ule bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alipotutembelea. Mama alikuwa amesugua dumu la dawa iliyokwisha kwa majivu na mchanga, akalijaza maji ya kunywa, kama majirani wote. Bibi shamba alituonyesha ubavuni mwake neno la Kiingereza, "toxic", yaani yenye sumu. Mama akamjibu kwamba limeshasuguliwa. Yule mgeni, akitafuta namna ya kutuingia, akaeleza asili ya neno: Wagiriki wa kale waliita upinde "toxon", na sumu waliyopaka mishale yao ikapata jina humo humo.

Sote tukamgeukia babu. Darini babu alikuwa na upinde na mishale ya sumu, vilivyobaki tangu enzi zake za kuwinda, na siku hizo askari wa wanyamapori walikuwa wakivisaka.

"Nani kakwambia habari za upinde, mwanangu?" babu akauliza.

"Hakuna, mzee. Ni wa Wagiriki."

"Wagiriki hao wanakaa wapi, kijiji cha Ruponda?" shangazi akadakia. Tulicheka, babu hakucheka.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu tulimwona amekuja kutupeleleza. Aliondoka hata karanga hakuonja. Kikulacho ki nguoni mwako: babu alitukagua usoni mmoja mmoja, akitafuta aliyetoboa siri. Kisha akachimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia upinde na mishale. Alipotaka kutupia na kibuyu kidogo cha sumu, mama akamzuia: "Baba, kibuyu kizuri hicho. Nitakisugua, niwekee chumvi."

"Chombo cha sumu hakisuguliwi!" babu akafoka. "Hata kikipasuka hakiingii jikoni." Halafu akalitazama dumu letu la maji. Mdogo wangu Zuhura alikuwa amekwisha kuinamisha kikombe mdomoni. Babu akakipiga kikaanguka, akamwaga maji yote, akalitoboa dumu kwa jembe na kulifukia pamoja na kibuyu.

Hata hivyo, babu alikufa akiamini bibi shamba alikuwa mpelelezi. Sasa madumu ya dawa yana picha ya fuvu, lakini Nambilanje na Ruangwa mjini bado nayaona yakiwa na maji ya kunywa. Mimi ni mtu wa haya, ila nikikaribishwa maji huuliza yametoka kwenye chombo gani, na wenyeji hununa. Je, kwenu madumu hayo yakiisha dawa huenda wapi? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu.