Jina la Nakhumicha

Nasike alikwama kwenye neno moja tu. Jina la marehemu aliandika, mwaka wa kuzaliwa alibahatisha, watoto akahesabu. Alipofika kwenye kazi ya marehemu, kalamu ikasimama. Tangu lini mwalimu wa chekechea Kitale akashindwa kuandika kazi ya mamake mwenyewe?

Walikuwa Malakisi, nyumbani, na mazishi yalikuwa kesho yake saa nne. Pasta Wepukhulu alikaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri karatasi ya wasifu ili akaichapishe Bungoma.

"Mwalimu, andika mkulima," alisema. "Si alipanda tumbaku?"

Alipanda, ndiyo. Nusu ekari, tena kwa shida. Lakini hakuna mtu aliyetoka Naitiri na mtoto mgongoni kuja kuona tumbaku ya mamake, Nakhumicha. Walikuja kwa sababu mtoto analia usiku na mchana, zahanati wamesema hana homa, na ukoo wote unajua kuna mfu anayetaka jina lake lirudi. Nakhumicha alimpakata yule mtoto, akafumba macho, akaanza kuita. Wekoye. Wakhungu. Sifuna. Kila jina mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Wakati mwingine sauti ilimbadilika, akakohoa kikohozi cha mzee aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Jina lenyewe likifika, mtoto ananyamaza na kushika titi. Basi. Anapewa kuku, au hapewi kitu, na watu wanaenda zao.

Haya, kazi hiyo inaitwaje? Mganga? Mganga ana dawa, na Nakhumicha hakuwa na hata mzizi wa kutibu kikohozi. Mpiga ramli? Huyo hutupa vitu chini akavisoma. Mwaguzi hutafuta nani amekuroga, mtabiri anakuambia ya kesho, na Nakhumicha ya kesho hakuyajua, angeyajua asingelima tumbaku. Wazee wa hapo walimwita kwa Kibukusu omufumu, mtu wa kusikilizana na wafu, kwa heshima. Wengine, wakiwa wamekasirika au wametoka tu kuokoka, walisema mchawi, na hao ndio walioharibu mambo. Mwenyewe ukimuuliza, alicheka: "Mimi huita tu. Wakitaka, wanaitika."

"Mchawi" ndilo neno lililomfikia Nasike Kitale. Alikuwa ameolewa na Waithaka, muuza mbao, mtu mpole ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani kutoka Nyeri. Kwa akina Waithaka, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya mume, na wa pili jina la mama ya mke, awe hai au amekufa. Wa kwanza akawa Kui. Nasike aliposhika mimba ya pili, Waithaka alimpigia mama mkwe simu kwa furaha: akiwa msichana, ni Nakhumicha.

Mama yule alipiga kelele mpaka majirani wakakimbia wakidhani kuna msiba. "Ati nikiwa hai? Kwetu hapa mpaka uoze kwanza! Hawa watu wako wanakupa jina na bado unakunywa chai!" Tangu siku hiyo kila aliyepita alisimuliwa. Aliita majina ya watu maisha yake yote, na sasa angesikia lake likiitwa na kuitikiwa. Hakuna kitu alichotaka zaidi ya hicho.

Lakini mwezi wa nane wa ile mimba, mama mmoja kanisani, mzaliwa wa Mabanga, alimgeukia Nasike mbele ya kikundi kizima cha akina mama. "Kwani wewe si wa yule mchawi wa Malakisi?" Nasike alikana. Akasema hapana, mama yangu ni mkulima. Jamani, aibu inamfanya mtu mjinga! Alirudi nyumbani akamwambia Waithaka kwamba Wabukusu hawampi mtoto jina la mtu aliye hai, ni mwiko, linaua. Waithaka akakumbuka yale ya kuoza kwanza, akaamini, angekataaje? Mtoto akaandikwa Bilha, akaachwa hivyo.

Nakhumicha alikuja kumwona na kuku mweusi na gauni dogo la njano.

"Anaitwa nani?"

"Bilha, mama."

"Na lile lingine?"

Nasike akainamia birika. Waithaka ndiye aliyejibu, maskini, kwa moyo safi. "Mama, tulitaka sana. Lakini tumeambiwa kwenu ni mwiko jina la aliye hai."

Mama alimtazama bintiye. Angeweza kumwaibisha pale pale, na haki ilikuwa yake. Akachukua kikombe. "Eeh, ni kweli," alisema. "Kwetu ni mwiko." Hakulala hata usiku wa pili. Miaka sita walimwita Kitale, na miaka sita alisema tumbaku imemshika.

Nasike alikumbuka kile kikombe, pasta akiwa bado anangoja. Akaandika: Alikuwa omufumu. Aliwaita wafu, akawapa watoto majina. Pasta alisoma, akakuna shingo, akasema hilo yeye hatalisoma.

"Nitasoma mimi," Nasike alisema.

Na kweli alisoma, mbele ya jeneza, huku pasta ameangalia viatu vyake. Alipofika kwenye neno lile, watu waliguna kwa kukubali. Lakini chini yake kulikuwa na mstari wa wajukuu, waliomwita kukhu, yaani nyanya: Kui na Bilha. Hapo alimpa Kui karatasi, na Kui akamalizia kusoma.

Baada ya kuzika, watu wakiwa kwenye chakula, Lorna wa boma la pili alimwita mwanawe. "Khaemba!" Mtoto akaitika kutoka nyuma ya banda la tumbaku. Jina lile Nakhumicha ndiye aliyelipata, baada ya mtoto kulia wiki mbili.

Bilha alikuwa anacheza hapo karibu, anachora udongoni kwa kijiti. Nasike alimgeukia.

"Nakhumicha," aliita.

Mtoto aliendelea kuchora.

"Nakhumicha." Na tena, mara ya tatu, polepole, kama alivyomsikia mamake miaka yote: "Nakhumicha."

Bilha aliinua kichwa, akaangalia kaburi, akamwangalia mama yake kwa huruma.

"Mama, si kukhu tumemzika? Hawezi kuitika."