Anayeweka Nyekundu Hasogei

Naikumbuka siku niliyoupaka mtaa wetu rangi nyekundu, mwanangu, na leo naikumbuka zaidi kwa sababu umenitumia ramani ya hatari kwenye simu, imewiva nyekundu kutoka ng'ambo ya mpaka hadi Jogoo Road, ukaniuliza kama tuhame kabla ya uchaguzi. Sina mvi za kutosha kuitwa mzee. Nina miaka arobaini na kitu, miji niliyolala ni mingi kuliko mashati niliyonayo, na masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Lakini jambo hili nililifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nisikilize.

Nilipokuwa kijana nilipata kibarua kwenye shirika lililokuwa likitabiri fujo. Tulitembea na fomu, tukiandika dalili: nani anauza vyombo, duka gani linafungwa mapema, vijana wanakaa wapi na wanasema nini. Ofisini walijumlisha, kisha wakapaka ramani kijani, manjano au nyekundu. Walinituma kaskazini, wakanituma ng'ambo ya mpaka, na sehemu moja niliyoitia nyekundu iliwaka kweli. Nikajiona mganga. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema, nami nikadhani mawingu yote ni yangu.

Uchaguzi wa wakati ule ulipokaribia walinirudisha nipime mtaa wangu mwenyewe, huku nyuma ya Makadara, nyumba za reli zimeshikana ukuta kwa ukuta. Niliandika kwamba familia tatu zimepeleka watoto mashambani, na kwamba kibanda cha fundi viatu kimeandikwa matusi ya kabila. Hayo yalikuwa kweli. Nikatia nyekundu. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna fomu iliyoniagiza: Jumamosi mchana nilikodi mkokoteni, nikapakia godoro, jiko na redio, nikashika njia ya Komarock kwa binamu yangu.

Mama Halima, aliyekuwa akiuza unga na mchele kwa jumla pale kona, alinisimamisha.

"Godoro linaumwa, mwanangu? Linapelekwa hospitali?"

"Naenda kwa binamu, mama. Siku mbili tatu tu."

"Na redio nayo imemkumbuka binamu?"

Waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka. Lakini walijua kazi yangu. Jioni ile mikokoteni miwili ilitoka, kufikia Jumatano ilikuwa kumi. Niliporudi na fomu ya wiki iliyofuata niliandika bila haya: wakazi wameanza kuhama. Sikuandika kwamba wa kwanza nilikuwa mimi.

Ile ramani iliwafikia wenye malori, sijui kwa njia gani, wakakataa kuleta unga. Duka la Mama Halima likabaki na magunia machache, na watu waliokula naye sikukuu zote wakaanza kunong'ona kwamba anawafichia watu wake unga, kwa kuwa wazazi wake waliingia nchini kama wakimbizi. Mtu mmoja akasema lifunguliwe kwa nguvu. Maneno hayo hayakuwepo nilipopaka nyekundu. Niliyapika mimi.

Mzee Wafula, jirani yetu aliyestaafu reli, aliniita mlangoni pake. Mama Halima alikuwa amekaa hapo.

"Kijana, reli walinipa bendera nyekundu ya nini?"

"Ya kusimamisha treni, mzee."

"Nikishaiweka, mimi naenda wapi?"

Akajijibu mwenyewe:

"Siendi popote. Njia ikivunjika unasimama na bendera pale pale, jua lako, mvua yako, mpaka mafundi waje uwaonyeshe palipovunjika. Miaka yangu yote sijaona mshika bendera amebeba godoro."

Mama Halima akainua macho. "Umehesabu waliohama. Sisi tuliobaki umetuandika mstari upi?"

Fomu haikuwa na mstari huo, mwanangu. 

Kesho yake mchana nililirudisha godoro kwa mkokoteni ule ule, nikapita njia ndefu kusudi, wote wanione. Wakanizomea, nikastahimili. Kisha mimi na Mzee Wafula tukaenda kwenye maegesho ya malori. Dereva akasema ramani ni nyekundu. Nikamwambia ramani ni yangu na nitakaa naye mbele. Jiwe likija, litanikuta. Akanitazama sana, halafu akawasha gari.

Unga ulipofika, Mama Halima alifungua milango yote miwili, akawaita wale wale wanong'onaji. "Shusheni wenyewe. Mkifika ndani, tazameni hata chini ya kitanda changu."

Sitakudanganya kwamba nyekundu ilikuwa uongo. Siku ya matokeo vijana wa mbali walikuja, wakachoma kibanda cha fundi viatu, na hili kovu kwenye paji langu ni la siku hiyo. Lakini walipotaka kuingia ndani ya mtaa walitukuta barabarani, akina mama kwenye viti vya plastiki, Mzee Wafula mbele na bendera yake kuukuu. "Njia imevunjika hapa," akawaambia. "Rudini mlikotoka." Walimtukana mpaka wakachoka. Wakarudi.

Asubuhi tulikuwa tukimpigilia fundi mbao mpya. Nilichukua fomu, nikachora mstari chini kabisa, nikaandika majina ya waliobaki. Ofisini hawakuupenda. Kibarua kikaisha, nikazurura mji hadi mji kabla ya kurudi hapa mtaani, na sijutii.

Kwa hiyo ramani yako nimeiona. Usiidharau: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa, msaidie aondoke mapema, hiyo si aibu. Lakini wewe mwenye nguvu, usiwe mtabiri wa mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukiona hatari, itaje kwa sauti, kisha simama hapo ulipoitaja. Muulize mwenye duka kama ana unga. Futa tusi kwenye mlango wa jirani kabla rangi haijakauka. Wakisema mtaa wetu utaungua, waambie tumesikia, na tupo.

Sihami, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuiona hatari ikiwa bado mbali, akupe majirani wa kusimama nawe, na godoro lako lizeeke mahali pamoja, si kama langu lililozurura.