Mama Bado arudi hewani

Saa nne na dakika arobaini asubuhi. Taa nyekundu inawaka juu ya mlango wa studio, na mtangazaji wa kipindi cha muziki wa klasiki amejibana midomo kwa vidole viwili. Fidla zimenyamaza. Naye kimya. Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo anamtazama na kucheka.

Fidla zinaanza tena. Mtangazaji anashusha pumzi.

"Umeona? Ingekuwa zamani, ningeshawaaga wasikilizaji," ananiambia, baada ya kukagua mara mbili kwamba maikrofoni imezimwa.

Wasikilizaji wanamwita Mama Bado. Jina alilipata wiki yake ya kwanza hewani, miaka sita iliyopita. Hakujua kuwa muziki mmoja wa okestra huweza kuwa na sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu wapigaji hupumua kidogo. Waliponyamaza, akawashukuru kwa bashasha zote, akaanza kusoma hali ya hewa. Alipofika kwenye mvua, tarumbeta zikalipuka.

Simu ikaita. "Mama, bado!" Akaomba radhi. Sehemu ya pili ilipokwisha, akarudia yale yale.

"Nililia chooni," anasema. "Nilikuwa mpokea simu wa redio hii miaka kumi na moja. Mtangazaji wa kipindi alipostaafu, hakuna aliyekitaka. Nikasema mimi naupenda muziki huu. Kupenda nilipenda, kujua sasa ndiyo ikawa kazi."

Walimfundisha wasikilizaji wenyewe, kwa kumkaripia: mwalimu mstaafu, fundi cherehani, muuguzi mmoja wa zamu. Siku moja alimpigia bibi harusi muziki wa mazishi. Aliyepiga simu ni bibi harusi mwenyewe, akicheka mpaka hasikiki.

Mkurugenzi wa redio hakucheka. Mwezi uliopita alikikabidhi kipindi kwa kompyuta, wiki mbili nzima. Na kweli, kompyuta haikukosea hata neno. Mama Bado alikaa nyumbani akimenya viazi, redio ikiwa wazi.

"Baba watoto akaniambia, zima basi, unajitesa bure. Nikamwambia iache, inasema vizuri kunishinda. Iliniuma, sikufichi."

Kwa siku hizo kumi na nne, simu ya studio iliita mara tatu tu. Waliopiga wote watatu waliuliza kama Mama Bado anaumwa.

Ndiyo sababu leo amerudishwa, kwa siku moja ya majaribio. Mkurugenzi anasikiliza ofisini kwake, na kipindi kikiisha ataamua kama mama huyu atabaki hewani au atarudi mezani kupokea simu.

Saa tano kasorobo, fidla zinafifia polepole mpaka hazisikiki. Mama Bado anasubiri, kidole juu. Fundi anaacha kucheka. Anapunga mikono yote miwili. Mama anatikisa kichwa: hanipati leo mtu.

Kumbe redio ina mtambo ambao ukisikia kimya cha sekunde kumi hudhani matangazo yamekatika, na kujiwashia tangazo lolote la biashara lililo karibu. Sekunde ya kumi, mwanamume mwenye sauti nene anaanza kusifia sabuni ya kufulia.

"Mama yangu! Kwani ilikwisha?" anapiga kelele Mama Bado, maikrofoni ikiwa wazi.

Taa zote tano za simu zinawaka. Muuguzi hawezi kusema kwa kicheko. Mwalimu anasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Mama Bado amejishika kichwa. "Nimekwisha mimi. Mbele ya bosi!"

Taa ya tano ni ya bosi. Mama anasimama, ananyoosha gauni, ndipo anapokea.

"Mama, hata mimi nilijua imekwisha," anasema mkurugenzi, na anacheka. "Kesho unatupigia nini?"

"Kesho tu, bosi, au na keshokutwa?"

"Chagua nyimbo za mwaka mzima."

Anaweka simu chini, anajifuta macho kwa kiganja, kisha anavuta kiti na kupanda kufikia rafu ya juu kabisa ya diski.

"Huku kuna moja ya saa nzima, ina sehemu tano," anasema. "Miaka sita naiogopa. Kesho naipiga."